Majina ya Mtambo

Bodø, saa tisa usiku, theluji mlangoni.
Torunn kapiga magoti nyuma ya kabati la seva,
tochi mdomoni.

Seva mbili, mtambo wa kanda mmoja:
hii yauita wa kwanza, ile yauita wa tatu,
na kumbukumbu za hospitali nzima
zangoja ndugu hawa wapatane.

Anatafuta namba iliyochongwa ubavuni,
isiyobadilika hata waya ukihamia tundu jingine;
anaifunga kwa jina moja, huku na huku.

Kisha, bila kumwarifu Eilif,
anachomoa umeme wa seva ya kwanza.

Sekunde kumi na moja.
Anazihesabu kwa vidole, kimoja hakitoshi.

Ya pili inaita lile jina.
Kanda inazunguka.

Simu: "Umefanya nini huko?"
"Nimeua mmoja," anajibu. "Hakuna matanga."