Kitenzi Kwanza

Ubaoni niliandika neno moja: KITENZI.
Bwire akauliza kama leo ni kipindi cha Kiswahili.
Hapana, nikasema, leo ni ule mchezo mliouomba.
Ila mchezo, kabla haujavaa rangi na muziki,
ni kitenzi. Mchezaji anafanya nini?
Sijauliza anafanana na nani.
Anafanya nini mara ya kwanza, mara ya mia,
na kwa nini kidole kinadai mara ya mia na moja?

Kompyuta tano, nne zinawaka, vijana kumi na tisa.
Bugogwa, chumba cha mwisho,
dirisha linatazama miamba iliyobebanishwa
kana kwamba mpangaji aliitwa chakula akasahau kurudi.

Kuruka, akasema Lugata. Kila mwaka ni kuruka.
Kupiga risasi, akasema Bwire, akazipiga kwa mdomo.
Nikachora duara: ruka, okota, nunua viatu, ruka juu zaidi.
Hiki, nikasema, ni kitanzi. Msiogope jina,
hakinyongi mtu. Kinamrudisha alipoanzia
akiwa na kitu kidogo mkononi ambacho hakuwa nacho.

Nyanzobe hakusema neno. Alikuwa anapiga mistari.

Saa nne na robo umeme ukakatika,
feni ikazunguka kwa deni, kisha ikakoma.
Vizibo, nikasema. Leteni vizibo na chaki.
Mchezo usiochezeka kwa vizibo
hautachezeka hata ukipewa umeme wa nchi nzima
(hilo lilinigharimu miezi minane na rafiki mmoja).

Sakafuni Nyanzobe akachora mwalo wa Igombe.
Vizibo thelathini ni dagaa. Jiwe ni mvua.
Ndala ya Lugata ni korongo mwenye upara.
Anika, geuza, okota: basi, vitendo vitatu.
Kila zamu unageuza safu moja tu,
na kila ukigeuza, jiwe linasogea hatua
kutoka upande wa Ukerewe.
Ukiokota mapema, dagaa mbichi, bei ya chakula cha kuku.
Ukichelewa, usiulize.

Bwire akacheza, akapoteza.
Akaanza tena bila kuambiwa. Geuza, geuza, okota,
madebe mawili! Akanunua turubai.
Nyanzobe akaiongezea mvua upepo.
Akapoteza. "Tena."
Lugata akasahau kwamba ndala ni yake,
akaifukuza kwa mikono miwili: shuu!

Nikauliza swali la kimwalimu: mtu anashindaje hapa?
"Hashindi, mwalimu. Anapata ya kuanzia kesho."

Nilifungua mdomo. Kwenye andalio langu la somo,
ukurasa wa tatu, kwa wino mwekundu:
*mwisho uwepo, mshindi ajulikane.*
Nikaufunga,
maana Bwire alikuwa amepiga magoti,
kizibo kimoja kimesimama hewani kati ya vidole,
hajui ageuze au aokote,
jiwe limebakiza hatua moja,
na darasa zima limesahau kupumua.
Pale, kwenye kizibo cha soda kilichopinda,
palikuwa na yote niliyokuja nayo, na zaidi.

Umeme ulirudi saa sita. Kompyuta nne zikalia mlio wao.
Hakuna aliyegeuka.

Nikafuta duara langu, nikaliacha lile neno.
Kesho ndiyo kazi: kuifundisha mashine
kwamba kugeuza kuna uzito,
kwamba kizibo kinaweza kuoza.
Nilitaka Nyanzobe aanze yeye kuandika,
lakini alikuwa mlangoni, daftari kwapani,
anaomba ruhusa. Nyuma ya miamba
wingu lilikuwa limeshasogea hatua mbili,
na mama, alisema, leo yuko peke yake mwaloni.