Sijafiwa

Miaka kumi na mmoja nimemsuka Mwantumu
hapa hapa kibarazani, Magomeni Mapipa:
yebo yebo, twende kilioni, rasta za kiunoni.
Kichwa chake nakijua kuliko changu,
kovu la utotoni nyuma ya sikio,
utosi mwepesi, analia kabla sijamgusa.

Leo kaja na mtandio, na wembe wake mwenyewe.
"Dawa ile nyekundu," kasema. "Dripu ya pili tu."
Nikapitisha kitana. Zikaja zote
bila ubishi, kama wageni walioaga tangu jana.

Nikanyoa. Hakulia.
Mimi ndiye niliyelia, nikasingizia
moshi wa chapati za Bi Salha.

Akapita Mama Tunda, akasimama, ndoo kichwani:
"Pole jamani. Nani amefariki?"
Mwantumu akajipangusa mabega, nywele moja moja.
"Sijafiwa, dada.
Aliyekuwa wa kufa ni mimi, na nimegoma."

Kisha akanigeukia, kiganja juu ya kipara:
"Si wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake?
Basi niazime."
Tulicheka mpaka kigoda kikapinduka.

Siku zote alinionya nizichome,
mtu asije kuziokota akamfanyia jambo.
Leo hakuuliza.
Nimezifunga kwenye gazeti, zipo droo ya chini
pamoja na hina na sindano ya rasta.

Kwenye daftari, Jumamosi saa tatu,
jina lake sijalifuta.
Atakaa palepale. Nitampaka mafuta ya nazi
polepole,
utosini, panapouma.