Mtawanyiko

Juzi, kwenye kaunta ya posta, Mavis aliniuliza tena
tulikuwa tukifanya nini hasa ndani ya lile lango.
Nikamwambia: tulikuwa na kinu cha nyuklia,
kinu kisicho na mchi, kisichotwanga kitu.
Kilitoa punje zisizo na chaji, nyutroni,
ambazo ukiziacha peke yake huishi robo saa hivi, basi.
Tulizifungulia tundu ukutani, zikatoka,
zikagonga chochote alicholeta mtu,
zikaenda zake, kila moja na pembe yake.
Sisi tulikaa pembeni tukihesabu.
"Na mlilipwa?" akasema Mavis, akibandika stempu.

Tulilipwa. Mimi nililipwa kwa baridi.
Nilijaza heli kwenye jokofu la sampuli,
nikabana vifuniko kwa waya wa indiamu
ulio laini kama siagi iliyosahauliwa mezani.
Nje mto umeganda, hasi thelathini.
Ndani ya jokofu langu, digrii moja na nusu
juu ya pale ambapo baridi yenyewe huishiwa.
Bronek wa chumba cha udhibiti alisema
mimi ndiye mwanamke pekee bonde zima
anayeingia ndani kutafuta baridi.

Parthiban alikuja na fuwele yake kwenye kibiriti,
nyeusi, kubwa kama dengu.
Ilikuwa ya tano. Nne za kwanza zilipasuka.
Alipewa siku sita. Mbili zikaliwa na pampu.
Siku ya tatu akaona kilele, akaruka, akampigia mama yake simu,
na Gwyneth akaja, akakagua, akavua miwani:
tulikuwa tumepima alumini ya kishikio.
"Usione haya," akamwambia.
"Hapa kila mtu amewahi kugundua alumini."

Usiku wa sita ulikuwa pia usiku wa mwisho wa kinu.
Tangazo lilikuwa mlangoni tangu Oktoba,
mtu amelichorea masharubu.
Hesabu zilidondoka kama bomba bovu:
kumi na moja kwa dakika. Tisa. Kumi na mbili.
Kijana kalala juu ya benchi, kajifunika koti langu.
Saa tisa za usiku nikaona arobaini.
Sikumwamsha.
Nikangoja pembe inayofuata. Sabini na moja.
Kisha ikashuka, taratibu, upande wa pili.
Kilima.
Si pale alipokitabiri. Kando kidogo.
Ndipo nikamtikisa bega,
akaitazama skrini kama mtu anayesomewa jina lake
kwenye orodha ya waliofaulu, akiogopa ni la mwingine.

Asubuhi Bronek akateremsha fimbo.
Hakuna kengele iliyolia.
Ile buluu ya bwawani haikuzimika mara moja,
ilififia kama mgeni anayeendelea kuaga
akiwa ameshafika barabarani.
Hatsue akatuomba tusipige picha.
Hatukupiga. Sasa najuta, siku nyingine sijuti.

Gwyneth yuko Grenoble. Hatsue amerudi Tokai.
Parthiban yuko Lund, anangojea mashine mpya iwake.
Bronek hakwenda mbali, anatengeneza injini za boti.
Nimewachomekea pini kwenye ramani ya jikoni,
nyuzi zote nyekundu zinaanzia hapa,
na siku moja nilichukua kipimapembe cha mjukuu wangu
nikazipima.
Ndivyo tulivyofanya kazi:
fuwele yenyewe huioni,
unawaona waliotoka ndani yake, walivyopinda,
unarudi nyuma kwa hesabu mpaka kwenye kilichowapinda.
Sikupata kitu. Nyuzi saba ni chache.
"Takwimu duni," angesema Gwyneth, "ongeza muda."

Makala ilitoka Novemba.
Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo,
wanamshukuru A. Kulaz kwa kutunza baridi.
Ni Kulas, kwa s.
Nimeikata hivyo hivyo, nikaibandika kwenye friji.