Basi

Tumeshindwa mara ya tatu. Orsolya
akavikusanya vipeperushi vilivyobaki
akavitia jikoni. Moto ukachangamka.

Kisha nyumba kwa nyumba, mikono mitupu,
theluji magotini, bila kuitaja serikali.
"Nini kinakukera?"

"Basi," akasema Dezső mlangoni.
Orsolya akadhani anafukuzwa.
Mzee akanyoosha kidole: kituo kile,
ratiba imepauka, hakuna lipitalo,
na mkewe husafishwa figo mjini
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.

Sisi tulikuwa tukimhubiria katiba.

Usiku ule akafuta ilani yote ubaoni,
akaandika: *basi la saa kumi na mbili asubuhi.*
Ambrus akacheka. "Hiyo nayo ni sera?"

Hakujibu. Alikuwa dirishani,
anahesabu viti vya gari lake.