Hii Hunywa Jua

Mwavita hakunisalimu sana.
Vijana wawili walitua bamba jeupe mchangani Kibirizi,
pana kama kitanda cha harusi,
akasema: Sumaili, mvua ya Machi
imeniozea magunia kumi na tisa ya dagaa.
Kumi na tisa.
Sitaki tena mbao juu ya ngama yangu.

Nikanyamaza.
Mifuniko ile sita ni kazi ya baba,
mninga wa Uvinza, ulioanikwa miaka miwili kabla ya kuguswa na randa.
Ila kweli ni kweli:
masika hunywa maji ikavimba,
wanaume watatu na mtaimbo kuinua mmoja;
kiangazi husinyaa,
ukasimama juu ya sitaha ukahesabu
madumu ya mawese huko chini bila kufunua kitu.

Nikaligonga bamba kwa kidole, kama anayebisha hodi.
Halikujibu kama mbao inavyojibu.
Halina macho, halina nyuzi,
halina ubavu wa kukwambia: nipasulie hapa.
Nikalinusa. Halikunuka msitu,
halikunuka hata duka lilikotoka.

Msumeno wa umeme ukalia, chenga zikaruka,
kuku wa Mama Feza wakakimbilia wakidhani mchele,
wakadonoa, wakatema, wakanitazama.
Bahinduka, nikaita, okota zote,
isibaki hata punje ya kwenda ziwani.
Maranda ya mninga tulikuwa tukichemshia chai.
Haya tuliyafunga kwenye kiroba,
kiroba kikakaa kona ya banda, hakuna anayekitaka.

Gundi ya baba haikushika.
Gundi ya Mwanga, ya bei mbaya, haikushika;
ilikauka peke yake, ukaibandua
kama utando wa maziwa.
Basi, skrubu. Bawaba za chuma kisichoshika kutu,
mpira kuzunguka ukingo,
tundu moja, pumzika, tundu jingine.

Mfuniko wa kwanza niliupima asubuhi na baridi yake,
ukaingia kama kidole kwenye pete.
Nikajisifu, tena kwa sauti.
Saa saba mchana haukutoka.
Jua lilikuwa limeunenepesha,
na Mwavita amesimama juu yake, mikono kiunoni:
Fundi, umenifungia mzigo au umenifungia riziki?
Bahinduka alicheka mpaka akaketi.

Hapo nikajua jambo ambalo baba hakunifunza
kwa kuwa hakuwahi kulijua:
mbao hunywa maji, hii hunywa jua.
Nikapunguza kila upande
unene wa msumari wa inchi tatu.
Mitano iliyobaki niliikata hivyo hivyo,
na siku ya pili Mwavita aliufunua mmoja kwa mkono wa kushoto,
wa kulia umeshika simu,
wala hakukatisha maneno yake.

Mifuniko ya zamani haikutupwa.
Mmoja Mama Feza anapangia migebuka.
Mwingine ni mlango wa banda la kuku walewale.
Nilipougeuza wa tatu, chini yake,
penseli ya baba, herufi zake za kuegemea:
KUSHOTO MBELE. USIGEUZE.
Na pembeni, kwa herufi ndogo:
Gwassa, sh. 40, bado.

Gwassa alizikwa kabla sijabalehe.

Nikajaribu kuandika chini ya bamba jeupe.
Penseli iliteleza, kiganja kikafuta.
Nikatafuta msumari, nikakwaruza taratibu:
KUSHOTO MBELE.
Nikafikiri kidogo, nikaongeza:
Mwavita, nusu, bado.

Chombo kiliondoka usiku, kimeshiba saruji na chumvi.
Sasa hivi kitakuwa kinakaribia Kalemie,
na deni langu limelala kifudifudi juu ya ngama,
kavu,
likinenepa na jua.