Karani Anaagiza kwa Herufi

Siku aliyokabidhi funguo za masjala
mzee Chilongola alituvuta watatu mpaka Nkuhungu,
kwenye baa ile mpya, pale lami inapokata tamaa,
yenye ubao ulioandikwa kwa chaki: BIA AINA HAMSINI NA TATU.
"Nimezihesabu," alisema hata kabla hatujaketi.
"Ni hamsini na mbili. Moja wameiandika mara mbili."

Upepo wa Juni ulikuwa unakwangua mabati.
Sechelela akaja, sweta mbili na kofia ya sufu,
akauliza wanavyouliza wote:
ya baridi au ya moto?
Mzee akavaa miwani.
"Kwa mpangilio, binti. Tuanze na A."

A haikuwepo. Akaandika nyuma ya pakiti ya sigara: A, hakuna.
B ikaja imeloa jasho kama mgeni aliyetembea.
Tulionja kwa zamu, bilauri moja ndogo kila mtu,
naye akipanga vizibo mezani
alivyokuwa akipanga majalada ya watumishi:
waliopo, waliohamishwa,
na kando, karibu na chumvi, marehemu.

Ilipofika ile ya Kijerumani, yenye nukta mbili kichwani,
kazi ikasimama.
Masima akasema ni U tu, iende mwisho.
"Herufi ikivaa kofia haibadili ukoo," mzee akajibu,
"ila hubadili kiti."
Robo saa nzima! Nyama ikapoa.
Miaka sita nimekaa meza ya pili kutoka yake
na sikuwahi kumwona akibisha kwa furaha namna ile.

Kwenye K tukapanda mlima.
Kwenye N akapita ndovu, taratibu, katikati ya sahani,
asivunje kitu.
Kwenye S tukasafiri, sikumbuki vizuri wapi.
Yaledi wa uhasibu, na soda yake ileile tangu magharibi,
alikuwa anajumlisha deni kwa midomo bila sauti.

"U," akasema mzee. Akavua miwani.
"Ujimbi."

Friji ilikuwa inanguruma, milango mitatu, taa ya buluu.
Hakuna aliyeigeukia.
"Wa mama yangu, kule Mvumi," akasema, kama anayetaja namba ya jalada.
"Kimea cha uwele kinaanikwa juu ya mwamba,
mimi nafukuza kuku.
Kisha mtungi unanong'ona siku tatu.
Hakukuwa na kuchagua. Ulikuwa mmoja,
tayari au bado,
na aliyejua ni yeye peke yake,
kwa kuutegea sikio."

"Jalada halionekani," nikasema,
mzaha wetu wa kila siku kwenye dirisha la masjala,
na papo hapo nikatamani kuumeza.

Sechelela hakucheka. Alisogeza kofia,
akauliza, kwa lafudhi ya kwao, ambayo jioni nzima
alikuwa ameifungia pamoja na chupa:
"Wa baridi au wa moto, baba?"

"Wa moto," akasema mzee. "Wa moto, mwanangu.
Ule hunywewa bado unapumua."

Akaichukua pakiti, akatafuta nafasi,
akaandika polepole, kwa mwandiko uliojaza kabati saba:
U. Imeazimwa. Haijarudishwa.

Halafu akadai V.
V haikuwepo.