Ukakasi

Signora Ornella hafungui chupa kabla ya magharibi.
Malindi ina joto, asema, divai hutoka jasho kama mgeni.
Huzilaza katika friji ya aiskrimu iliyozeeka
nyuma ya jiko, chini ya picha ya marehemu mumewe,
na umeme ukikatika huzifunika kwa taulo zilizolowa,
akizipangusa shingo moja moja
kama aliyeuguliwa na watoto saba.

Mimi Nyevu, binti Mwambire, mgema wa Ganda,
nilikuja kwake kuosha glasi.
Mwaka wa tatu akanivua aproni, akanikalisha:
"Wewe una pua. Nusa."

Nikanusa.
Barolo, ya vilima vya Langa, kwao Piemonte,
ambako zabibu, asema, huvunwa ukungu ukitambaa,
hata jina lake zabibu hiyo imelitwaa ukunguni.
Ukungu huo sijauona. Nimeuona moshi wa makuti,
basi nikauweka mahali pake, nikaendelea.

Kwanza waridi, wala si la bustani:
la mrashi, harusi ya watu wa Shela,
lililokauka kwenye leso siku ya tatu.
Kisha lami,
ile waliyoimwaga njia ya Sabaki mchana wa Februari,
ndala zetu zikanasa.
Nikamwambia. Akacheka mpaka akaketi.
Hicho hasa, asema, ndicho wanachokiandika kwao,
ila wao hawakupoteza ndala.

Nikanywa.
Ulimi ukajikunja, fizi zikakauka.
"Tannini," akasema.
Nikasema hapana, huo ni ukakasi:
bibo bichi ulilolila kwa kuiba,
ukaulizwa, ukashindwa hata kusema uongo.
Akalirudia mara nne, u-ka-ka-si,
akaliandika katika daftari la hesabu
kati ya bei ya kamba na bei ya gesi.

Ijumaa wakaja wageni sita.
Bwana Fulvio alileta chupa yake mwenyewe,
lebo ya dhahabu, mhuri, jina refu kama hati ya shamba.
Wakazungusha glasi. Wakafumba macho. Wakasifu.
Nami nimesimama na kitambaa mkononi,
nikapewa tone.

Sufuria ya jamu iliyosahauliwa motoni,
na nyuma yake, kama mtu aliyejibanza mlangoni,
siki.
Siki naijua. Nimekua nayo.
Mnazi wa baba asubuhi ni maziwa,
adhuhuri una maneno,
jioni unapigana,
kesho yake ni wa kachumbari.

"Imeungua," nikasema. "Ilikaa juani. Garini, labda."
Feni ikakoroma.
Bwana Fulvio akaisoma lebo upya
kana kwamba ingemtetea.
Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji;
hawakusema chupa ikisifiwa bure hutiwa nini.
Ornella akaonja, akatema ndooni,
akanisogezea kiti. Mezani. Kile chake.

Usiku nikabeba masalio ya ile nzuri
ndani ya chupa ya plastiki, juu ya bodaboda, hadi Ganda.
Baba alikuwa amekwisha vua kotama kiunoni,
nyayo zake ngumu kama vidato vya minazi yake.
Akainywa kwa kikombe cha bati,
akakaa nayo kinywani
kuliko alivyowahi kukaa na jambo lolote.

"Ina miaka mingapi?"
Kumi na minne.
Yeye ambaye kazi yake haijapata kuiona kesho kutwa
akahesabu vidole, akaishiwa.
"Na aliyeigema, yu hai?"

Sikujua.
Nilikuwa nimejifunza mteremko, udongo, pipa la mwaloni,
jua linapoangukia saa tisa.
Mtu sikumuuliza.

Baba akamwaga tone kizingitini,
kwa koma wake, na wa huyo bwana kama wapo.
Akapangusa mdomo.
"Ukakasi wake mzuri. Lakini kwa wali wa nazi, hapana."
Kisha akaomba abaki na ile chupa ya plastiki:
kifuniko chake, alisema, hakivuji.